Nyonga ya Dada Mkubwa

Kwenye kiwanda chetu cha viungo bandia tulimwita Mama Chokaa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvika vyuma chokaa. Si chokaa ya ukutani. Ni madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa yetu. Nyonga bandia ikishachongwa, ubavu wake huachwa na vitundu vidogo kama vya sifongo. Yeye huitumbukiza kwenye maji ya dawa yenye uvuguvugu, madini yakajijenga juu yake polepole, kama ukoko ndani ya birika. Ukoko ukiwa mwembamba mno, mfupa unakikataa chuma. Ukizidi, vitundu vinaziba, mfupa unakosa pa kuingilia, na mgonjwa anabaki na kitu kinachocheza ndani ya mwili.

"Nyumbani nasugua birika, hapa nalipwa nilichafue," alikuwa akisema, bila kucheka.

Wiki ile hakuwa na nguvu hata za mzaha huo. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa hainuki kitandani, nyonga imesagika. Hospitali ilipanga kumpasua Alhamisi. Nyonga ya kipimo chake, kipimo kidogo ambacho ni nadra kuagizwa, ilikuwa moja tu, na ilikuwa mezani kwa Mama Chokaa, imeshavikwa, inasubiri kupimwa.

Aliidondoshea tone la maji. Vitundu vikiwa wazi, chuma hulinywa papo hapo. Tone hili likakaa juu, likang'aa. Akajaribu upande wa pili, likanywewa. Akarudi upande wa kwanza. Likakaa.

Msimamizi wa zamu alikuja akasimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Si kidoa tu, mama? Kwingine kote kunakunywa."

"Hapo penye kidoa ndipo uzito wote unapoegemea."

"Unajua lakini ni ya nani?"

"Ningekuwa sijui, saa hizi ningeshairudisha."

Alikaa nayo kiganjani kitambo kirefu. Kisha akaitia kwenye asidi, ukoko ukaanza kutoa povu. Kuivua, kuiosha, kuivika upya na kuipima tena, kabla ya Alhamisi kusingewezekana.

Jioni, nyumbani, alimkuta dada yake kitandani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wamesema niende saa ngapi?"

"Si Alhamisi hii. Nyonga imeharibika. Nimeirudisha mimi, ikavikwe upya."

"Miaka yote unavika nyonga za watu usiowajua. Yangu ndiyo ikushinde?"

"Imenishinda."

"Na kama ungefumba mdomo?"

"Ungetembea. Mwaka, labda miwili. Halafu ingelegea, wakufungue tena."

"Sitaki kukuona leo," dada alisema. Akafumba macho. "Ila nigeuze kwanza. Upande huu umekufa ganzi."

Mama Chokaa akavua viatu, akapanda kitandani nyuma yake, akapitisha mikono chini ya kiuno chake. Wote wawili wakavuta pumzi, kabla maumivu hayajaanza.