Msusi wa Kariakoo aliyeogopa dawa ya 'kushusha kinga'

Ni asubuhi, spika za maduka ya Kariakoo zimeshaanza kugombania wateja. Kwenye kibaraza kimoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kuruthumu Kitwana anakunja na kukunjua vidole, anachukua chanuo, kisha anapasua njia katikati ya kichwa cha mteja. Njia imenyooka. Anaitazama, anacheka peke yake.

"Alhamdulillahi," anasema. "Mwaka juzi hata chanuo lilinishinda."

Kuruthumu ni msusi, na mikono hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe. Vidole vilipoanza kuvimba, akawa anaamka vimekakamaa hadi anashindwa kufunga kitenge, alichanganyikiwa. Maumivu yakahamia magotini. Akakonda, akawa anachoka bila kufanya kazi.

Kibaraza cha msusi hakikosi majibu, na jibu lilitoka haraka: kinga imeshuka. Msomaji wa mjini anajua maneno hayo yakinong'onwa yana maana gani. Kuruthumu akapima virusi vya Ukimwi, hana. Akarudia, hana. Mtaa haukusadiki, na yeye mwenyewe akaanza kuvishuku vipimo. Akawa hapitwi na chupa yoyote iliyoandikwa "huongeza kinga": tangawizi, asali, mlonge, na unga fulani wa kijani ambao hadi leo haujui.

Kazi ilipomshinda kabisa, wateja wake walichukuliwa na mwenzake wa kibarazani, Swaumu. Wasusi wengi wangewafanya wao moja kwa moja. Swaumu aliwasuka kwa jina la Kuruthumu, akawaambia mwenyewe anaumwa ila atarudi, na jioni akampelekea fungu lake la pesa nyumbani. Ni yeye pia aliyemkokota hospitali.

Huko, baada ya vipimo vya damu, Daktari Nasreen alimwambia ana baridi yabisi, ile inayoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Kinga yake ilikuwa haijashuka, ila imegeuka na kushambulia viungo vyake. Akampa vidonge, akamweleza kuwa vitaishusha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu aliyehangaika kote huko kuiongeza kinga, sasa anaambiwa ameze dawa ya kuishusha. Alivitia vidonge kabatini, hakuvigusa. Haikupita miezi mingi Swaumu akawa anamlisha uji kwa kijiko.

"Nilijua dokta ameshanikatia tamaa," anakumbuka. "Nikasema bora nife na kinga yangu."

Swaumu alipovikuta vidonge vimejaa, alimrudisha hospitali na kueleza kila kitu. Daktari hakugomba. Alisema neno lake ndilo lililomtisha mgonjwa, akavuta kiti, akaanza upya.

Damuni, alieleza, kuna kingamwili, ambazo kazi yake ni kunasa vijidudu. Mara nyingi haziui zenyewe. Zikishanasa, hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za kinga, kama ufunguo kwenye kitasa. Vipo vipokezi vinavyoiamuru seli iwake, na hapo ndipo panapovimba. Vipo vingine vinavyoiambia itulie. Kwa mtu asiye na maradhi haya, vyote hukaa kwa mizani. Kwa Kuruthumu, kingamwili zilinasa vitu vya mwili wake mwenyewe, na amri ya kuwaka ikaizidi ile ya kutulia.

"Hatuishushi, mama," daktari akamwambia. "Tunaituliza."

Neno hilo moja lilimwingia. Alianza dawa, na taratibu uvimbe ukapungua. Hajapona, naye halifichi hilo. Hurudi hospitali kupimwa damu mara kwa mara, maana dawa nayo ina madhara yake, na asubuhi za baridi vidole bado vinagoma. Lakini anasuka, na anamshukuru Mungu, daktari na Swaumu kila anapopata nafasi, hadi Swaumu anamwambia basi inatosha.

Kwa sasa wateja wengi anawasuka twende kilioni, mistari minene ya kurudi nyuma isiyochosha mikono. Rasta ndogondogo, zinazokula siku nzima, hajazijaribu tangu augue. Ila mwezi ujao Swaumu anaolewa, na Kuruthumu ameshamwonya asithubutu kukaa kwa msusi mwingine.

"Kichwa hicho nitakisuka rasta mwenyewe," anasema. "Vidole vikigoma, napumzika, naendelea."

Kwenye kigoda cha pili, Swaumu hainui macho kutoka kwa mteja wake. Anasema ameshamwambia bwana harusi kwamba huenda wakachelewa.