Siku Niliyosoma Habari za Bi Zaina

Nakumbuka Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, niliposimama mbele ya watu katika jumba la maendeleo pale Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, nikiamini kabisa kwamba natenda haki. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa, mwanangu, tulipoitana ndugu hata na mtu tuliyetoka kugombana naye. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti wa wakulima Wakatoliki wa upande wa Urambo, mwenye miaka ishirini na mitatu na uhakika mwingi kuliko miaka hiyo.

Nakuandikia haya kwa sababu umeniambia kwamba wewe na wenzako mnaandaa siku ya historia ya Tabora, na mnataka habari za utumwa na ubaguzi zisemwe waziwazi. Nimefurahi. Fanyeni. Ila kabla hamjakodi viti, nisikilize kidogo.

Sisi nasi tulikuwa na mikutano kama hiyo. Kila mwezi tulimwalika mtu aeleze alichokijua kuhusu njia ya misafara ya zamani iliyopita mjini kwetu. Mzee mmoja Mnyamwezi alituonyesha jinsi babu yake alivyofunga mzigo wa kubeba begani hadi pwani, na vijana wakajaribu kuunyanyua mpaka ukumbi ukavunjika mbavu kwa kucheka. Shuleni tulikuwa tumekaririshwa wafalme wa Ulaya. Kusikia habari za barabara tuliyopita kila siku kulitupa raha ambayo siwezi kukueleza.

Lakini nilitaka zaidi ya kucheka. Mtaa wa Mtendeni alikuwako bibi mmoja, Bi Zaina, ambaye wanawake wa mji mzima walimheshimu kwa sababu alikuwa somo. Labda neno hilo kwenu limepotea: somo ndiye mwanamke anayemfunda bibi harusi na kukaa naye ndani siku kadhaa kabla ya ndoa. Si kazi anayopewa yeyote. Familia huchagua mtu wanayemwona hana doa, yeye wala ukoo wake.

Nilizoea kumtembelea jikoni kwake. Siku moja, akipepeta mchele, aliniambia kwamba mama yake aliletwa mtumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya babu wa Bwana Nasoro, yule Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Alinieleza polepole. Nilipofika nyumbani niliandika yote.

Na Jumamosi ile nikayasoma. Sikumuuliza. Niliona namletea heshima. Bi Zaina alikuwa amekaa mstari wa pili na kanga zake mpya, na Bwana Nasoro karibu na mlango. Nilisoma majina yao. Kisha kijana mmoja akapaza sauti, "Nasoro asimame! Atujibu!" Wengine wakamwitikia. Bwana Nasoro alisimama kweli, akatoka. Bi Zaina alibaki ameketi akitazama mikono yake. Mimi nilirudi nyumbani nikijipongeza. Ndiyo, mwanangu, nilijipongeza.

Siku ya nne nikapata habari. Ilikuwapo harusi Mtendeni, na Bi Zaina ndiye aliyekuwa amfunde bibi harusi. Bibi yake bibi harusi alimtumia ujumbe mfupi: asijisumbue, wamepata mwingine. Kisha familia ya pili ikasema hivyohivyo. Kazi aliyoifanya maisha yake yote, na heshima yake pamoja nayo, nilikuwa nimeivunja kwa kurasa tatu.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akimenya karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na daftari?"

"Sikuja nalo."

"Basi kaa. Leo huenda ukasikia."

Nilikaa chini. Nikaanza kujitetea, kwamba serikali imeshatangaza watu wote ni sawa, hakuna bwana wala mtumwa.

"Serikali imetangaza," alisema, "na ni vizuri. Sasa nenda ukamtangazie na bibi yake bibi harusi." Akatupa ganda pembeni. "Wewe binti, ulinikuta jikoni nimejifunga kanga moja, kwa kuwa nilikuhesabu mtu wa ndani. Ukanishika mkono ukanitoa barabarani vilevile nilivyo. Sasa unataka nikushukuru kwa kunitembeza?"

Nililia. Nikamwambia nitasimama tena mbele ya watu niseme nilikosea, kwamba habari zile hazikuwa za kweli.

Hapo ndipo alipokasirika. "Uongo? Mama yangu alitoka Manyema mpaka hapa kwa miguu, wewe useme hakutembea? Mimi sioni aibu ya mama yangu. Aibu ni ya waliomkamata. Lakini lini niseme, wapi, mbele ya nani, nianzie wapi na niishie wapi, hayo ni yangu. Ulininyang'anya hayo."

Akamenya karanga tena. Kisha akasema mkutano ujao atazungumza yeye. Mimi nikae na wasikilizaji. Bwana Nasoro aalikwe, na mtu asimwamrishe kusimama. Na yule bibi yake bibi harusi aalikwe pia. "Akikataa, mbembeleze. Ndiyo adhabu yako."

Nilimbembeleza mara tatu. Alikuja.

Laiti ungemsikia Bi Zaina siku hiyo! Mimi nilikuwa nimesoma habari za minyororo na vilio tu, kana kwamba mama yake hakuwa na kitu kingine. Yeye alianza na mama yake akiwa msichana aliyewashinda ndugu zake kuvua samaki. Alisema jina lake lilikuwa Ngoyi, na kwamba walipofika Tabora akaitwa Faida, bila kuulizwa. Akaeleza safari, na mtoto aliyeachwa njiani. Hakulia. Akaeleza jinsi mama yake alivyowafunda mabinti wa nyumba ile ya mabwana, na kwamba kila alichowafundisha yeye wanawake wa Mtendeni kilitoka kwa mama huyo.

"Kwa hiyo nyote mnaoringia ndoa zenu," alisema akiwatazama wanawake, "mmefundwa na Ngoyi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana za kwetu zimedumu!" na watu wakacheka, hata Bi Zaina mwenyewe.

Bwana Nasoro akasimama mwenyewe. "Bi Zaina amenilea mimi," alisema. "Nimekula mkononi mwake. Nilijua mama yake alikuwa mtumwa wa babu yangu, na sikuwahi kumuuliza hata jina la mama huyo. Babu yangu alidhulumu, na mimi nilinyamaza."

"Sasa unalijua," alisema Bi Zaina. "Litaje."

"Ngoyi," alisema Bwana Nasoro.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Harusi ile ilifanyika bila Bi Zaina. Yule bibi yake bibi harusi alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga. Baadaye familia nyingine zilimwita, lakini si zote, na mimi niliyejua sababu niliishi na jambo hilo. Ubaguzi haukai kwa Waarabu na Wazungu peke yao, mwanangu. Hukaa hata ndani ya mioyo ya watu wanaopiga makofi mkutanoni.

Basi nasaha yangu ni hii. Msiogope historia chungu, na msikubali kuambiwa muifunike kwa ajili ya amani. Lakini kabla ya kumpandisha mtu jukwaani, au jina la marehemu wake, nenda ukamuulize. Ukikataliwa, subiri, pengine mwakani atakubali. Akikubali, mwache aanze anapotaka, hata kama wewe umengoja machozi naye anazungumzia samaki. Mjukuu wa aliyedhulumu mkaribishe, mwachie nafasi ya kusema mwenyewe, maana anayesukumwa kusimama hutafuta mlango tu. Na mkutano ukiisha, mfuate mwenye habari nyumbani kwake uone watu wanamchukuliaje, kwani huko ndiko utakakojua kama mmetenda haki.

Utakosea, hakuna shaka. Ukikosea, rudi upesi kwa uliyemkosea.

Mungu awabariki wewe na wenzako. Awape ujasiri wa kuuliza na adabu ya kungoja jibu. Na wale walioletwa katika mji huu bila kuulizwa, awarehemu, kila mmoja kwa jina alilopewa na mama yake.