Riwaya za Mama na Stoo ya Saruji

Juzi, nikiwa foleni katika ofisi moja ya elimu hapa Tukuyu, muuguzi mstaafu aliyeishi ughaibuni karibu maisha yake yote alileta maboksi ya riwaya za Kiswahili, ili zigawiwe shuleni. Ofisa alichungulia, akacheka.

"Mama, Ulaya miaka yote hiyo, umerudi na makaratasi?"

Mama akaweka kiganja juu ya boksi. "Mwanangu, kule sikuwa na wa kuongea naye. Riwaya hizi nilizisoma kwa sauti jikoni, nisisahau Kiswahili."

"Haya, yaweke stoo, kule kwenye saruji."

Saruji! Mama alitoka na maboksi yake, akaketi ngazini, akaanza kuwagawia wanafunzi waliokuwa wakipita. Wakasoma palepale. Ofisa akawafukuza, eti wanaziba mlango.

Ofisi hiyohiyo hutulalamikia mikutanoni kwamba watoto wetu hawapendi kusoma.