Maziwa ya Jioni

Nilirudi Arusha na stashahada ya usimamizi wa miradi niliyoilipia mwenyewe, kwa kuosha vyombo na kusugua ngazi za watu Ulaya. Nyumba yangu ya Olasiti niliijenga bila kumpigia shemeji simu hata mara moja. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyowafanya wafadhili wa mradi mmoja wa maziwa, huko mlimani juu ya Kikatiti, wanitafute mimi. Walijua nikienda narudi na jibu.

Walikuwa wamewapa akina mama wa kikundi kimoja tenki la kupoozea maziwa, ili mwanamke anayefuga naye apate kipato chake. Je, alikuwa amefaidika? Kama hakufaidika, tenki lingepakiwa kwenye lori na kupelekwa kata nyingine iliyokuwa ikililia.

Mwenyekiti wa kikundi alinipokea mlangoni pa kituo, kitenge amekifunga kama mtu anayekwenda kugombana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyetumwa kutunyang'anya?"

"Nimetumwa kupima manufaa."

"Basi pima haraka, nijue kama nilie leo au kesho."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa amefyeka sehemu ya migomba yake ili kituo kijengwe, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzake. Tenki likiondoka, angebaki na banda tupu mbele ya nyumba yake na majirani wa kumzomea.

Waliopima kabla yangu walikuta tenki linajaa kila asubuhi, wakaandika kwamba mradi umefanikiwa. Mimi siishii hapo. Tenki kujaa ni kazi ya mradi. Manufaa ni kile kinachobadilika nyumbani kwa mtu baada ya tenki kujaa. Watu wenye vyeti vikubwa kuliko changu huyachanganya hayo mawili kila siku. Kwa hiyo nilikwenda majumbani.

"Mume wangu kanunua pikipiki," mama mmoja aliniambia.

"Na wewe?"

"Mimi napanda nyuma."

Hapo nikajua. Nimezaliwa upande wa magharibi wa mlima huu huu, nimekua nikishika ndama mama akikamua. Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya baba. Ya jioni ni ya mama, na mwanamume mwenye heshima hayaulizi. Kituo kilifunguliwa alfajiri na kufungwa kabla jua halijawa kali, kwa hiyo tenki la akina mama lilikuwa linajaa maziwa ya akina baba! Ya jioni, ambayo ndiyo hulala na kuhitaji baridi, yalikuwa yakigandia jikoni au kurudi kwa ndama.

Nilimwambia mwenyekiti tufungue kituo jioni. Nilitegemea shangwe. Akatikisa kichwa.

"Ya jioni ni yangu kwa sababu hayana bei, baba. Yakiingia tenkini yatakuwa biashara, na biashara ikibisha hodi anayefungua mlango ni mume."

"Kwa hiyo mmekubali liondoke?"

"Nani kakubali? Mimi nimekutajia ugonjwa. Wewe na hilo koti lako mmetumwa na dawa, au mmetumwa kutembea?"

Jumapili nikasali kanisani kwao. Baada ya ibada watu walibaki uwanjani kwenye mnada wa sadaka, mayai na ndizi na kuku. Nilipandisha bei ya jogoo mpaka wote wakaniachia, kisha, kila mtu akinitazama, nikaomba neno.

"Shikamooni, wazee. Yupo hapa aliyewahi kumuuliza mkewe maziwa ya jioni yamekwenda wapi?"

"Huo ni uchoyo," mzee mmoja alijibu. "Mwanamume haulizi."

"Na yakipita tenkini, mtauliza?"

"Wakiuliza watapika wenyewe!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na uwanja mzima ukacheka.

Mume wa mwenyekiti, mtu mkimya, akasimama taratibu. "Ya jioni ni ya jioni, yakae kwenye kibuyu au kwenye tenki. Sikuuliza nikiwa kijana. Sianzi leo na mvi."

Wenzake waliguna, lakini hakuna aliyepinga. Neno ulilolisema mbele ya kanisa, mkeo akisikia, ni gumu kulimeza.

Niliandika taarifa bila kupamba: manufaa hayajapatikana, sababu ni hii, kituo kifunguliwe jioni na malipo yaende kwenye simu za akina mama. Wafadhili wakaacha tenki msimu mmoja, nirudi kupima.

Niliporudi nilianza majumbani; nilipofika kituoni jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima. Akina mama walijipanga na ndoo zao, wanasemana na kusukumana. Yule wa pikipiki hakuwepo.

"Mumewe bado anauliza," mwenyekiti alisema. "Usimwandike kuwa amefaidika."

"Simwandiki. Na wewe?"

"Nimeezeka jiko upya. Sikuomba ruhusa kwa mtu."

"Hicho ndicho nilichotumwa kutafuta, mama."

"Basi linabaki?"

"Linabaki. Nimeshawaambia wafadhili niliyoyakuta kwa wenzako, wamekubali."

Alilishika lile tenki kwa kiganja, kama mtu anavyomshika ng'ombe mgongoni. Kisha akanigeukia.

"Toka mlangoni, baba. Maziwa yanapita."