Masharti ya Lamboni

Nimerudi kijijini na diploma yangu, na nyumba yangu ya bati la msauzi, lile la rangi, inaonekana tangu barabarani. Lakini jana jirani alipochemsha michembe kwa karanga, harufu ile ya viazi vikavu ilinirudisha lamboni, tulikonyweshea ng'ombe utotoni.

Tulikuwa tumewashinda kwa fimbo watoto wa upande wa mlimani. Kiongozi wetu, tuliyemwita mtemi, akawapa masharti: ng'ombe wao wanywe mwisho, na michembe yao ya chakula cha mchana watuletee sisi. Kiangazi kilikuwa kikali, na wa mwisho walikuta tope tu.

Msichana wao mmoja akaja kuomba.

"Basi ndama tu watangulie. Wanakufa."

"Kwani tope si maji?" mtemi akajibu.

Tukacheka wote, maana yeyote aliyenuna alitumwa kufuata ng'ombe waliopotea. Chuoni walipotufundisha jinsi vita vikubwa vinavyozaliwa, niliongoza darasa. Nilikwisha kuviona vikizaliwa lamboni.

Kesho yake ya kicheko kile, watoto wa mlimani walikuja na makombeo. Mawe yalitunyeshea, ng'ombe wetu wakaingia shamba la pamba, na mtemi akajificha kwenye miiba. Ikabidi mimi niende kuuliza masharti yao, nikijua kwamba tukinyimwa maji, ndama wetu hawatafika jioni.

Yule msichana akajifuta vumbi usoni.

"Ndama kwanza," akasema. "Wenu na wetu pamoja. Na huyo mtemi wenu mtoeni miibani, aje anywe na yeye."