Fotoseli ya Getini

Kwa miaka mingi Ngendo, au Mama Karanja kwa wapangaji, keateka aliyetunza ploti moja ya nyumba za kupanga mtaani Landless, Thika, ndiye aliyewasha taa ya geti jua likizama. Akichelewa kidogo tu, wapangaji walikuja kumbishia mlango kuuliza kama yuko sawa.

Kisha yeye mwenyewe akamsumbua lendilodi, mwenye ploti, mpaka akanunua fotoseli, kidude cha kuhisi mwanga, ili taa ijiwashe giza likiingia na kujizima kukikucha. Alifurahi kweli. Sasa angeweza kukaa kwa mazoezi ya kwaya hadi mwisho bila kukimbilia geti. Lakini Julai mawingu yalipotanda, taa iliwaka mchana kutwa ikila tokeni za stima bure, na Ngendo akaitukana kama mtu.

Julai hiyo hiyo homa ya mapafu ikamwangusha. Alilala siku kadhaa akiita kwa sauti isiyofika hata dirishani, huku mwanga wa geti ukimwingilia chumbani kila jioni. Alisikia viatu vya wapangaji vikipita mlangoni bila kusimama. Ni dadake, aliyetoka Ruiru kumjulia hali, aliyemkuta na kumkimbiza hospitali.

Aliporudi, Maggie wa mlango wa pili alimletea uji.

“Pole sana, Mama Karanja. Tuliona taa inawaka, tukajua uko tu sawa.”

Ngendo alipokea uji, akauweka chini bila kuonja. Siku ile fotoseli ilipofungwa pale getini, aliyemshikia fundi ngazi alikuwa Maggie huyu huyu.