Divai ya Wiki Sita

Baba yangu ni fundi saa, na miaka yote amekuwa akiwaambia wateja kwamba haraka haraka haina baraka. Siku ile, kwenye duka la vifaa vya divai, aliitafuta haraka hiyo hiyo kwa udi na uvumba.

Rafu ilijaa maboksi ya kutengenezea divai nyumbani: ndani mfuko wa maji ya zabibu yaliyokolezwa, hamira, na vipakiti vya unga wa kuisafisha. Baba aliyageuza moja baada ya jingine. Mikono yake, ambayo hushika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, ilikuwa inayarudisha rafuni kichwa chini.

"Nataka nyekundu nzito," alimwambia muuzaji. "Ya kunywa mapema."

"Mzee, hayo mawili hayapatani. Nzito uiache mwaka mzima. Ya mapema ni nyeupe, au hii nyekundu nyepesi, wiki sita."

"Hakuna ya chini ya hapo?"

"Iko ya matunda, wiki nne. Lakini hiyo ni juisi iliyoishia darasa la kwanza."

Sikuweza kucheka. Aliyeomba divai ni Shangazi, dada mkubwa aliyemlea Baba baada ya mama yao kufariki. Tuliishi naye, na kwa miezi mitatu alikuwa haondoki kitandani ila kwa shida. Siku mbili kabla ya kwenda dukani, daktari alimvuta Baba pembeni akamwambia asipange naye mambo ya mwakani. Shangazi hakuambiwa. Sasa Baba aliogopa kwamba akimletea divai ya haraka, atauliza haraka ya nini. Kumficha mtu aliyefanya kazi ya uuguzi hadi akastaafu! Nilimwambia anajidanganya mwenyewe, akanitazama mpaka nikajuta.

Akachukua nyekundu nyepesi. Kisha, bila haya, akamwomba muuzaji boksi tupu la ile nzito, akaenda kuliweka juu ya kabati la Shangazi, mahali anapoliona akiwa amelala.

Ndoo ya kuchachushia divai ikakaa jikoni. Baba aliiosha mara tatu kabla ya kuchanganya, na kila asubuhi aliitegea sikio kama anavyotegea saa ya mteja. "Inapumua?" aliniuliza. Inapumua, Baba. Nilikasirika, kwa sababu Shangazi alikuwa anakonda na yeye alikuwa anaitazama ndoo zaidi kuliko alivyomtazama dada yake. Nadhani ndoo ilikuwa rahisi kuitazama.

Siku ya kumi na moja nilimkuta Shangazi jikoni, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, ameinama mbele ya ndoo. Alikuwa anasoma. Ndipo na mimi nilipokiona kijikaratasi. Dukani kwake Baba hapokei saa bila kuibandika karatasi ya siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mkono wake ulikuwa umefanya hivyo hivyo kwenye ndoo: "Kuingia, tarehe tatu. Kutoka, baada ya wiki sita."

"Kumbe ndiyo ile ya mwaka mzima," alisema Shangazi. "Nipe kalamu."

Baba aliporudi kutoka kazini alikuta maneno "wiki sita" yamekatwa. Pembeni, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyejaza vyeti vya wagonjwa maisha yake yote, paliandikwa: wiki nne.

Alikaa sakafuni pale pale.

"Mdogo wangu, umesoma?" Shangazi aliita kutoka chumbani.

"Nimesoma, Dada."

"Basi usinidanganye tena. Hujui kudanganya tangu ulipokuwa unaiba sukari na midomo inabaki nyeupe."

"Wiki nne haitakuwa tayari, Dada. Itakuwa kali."

"Hata mimi siko tayari. Wewe mimina tu siku ikifika."

Kuanzia siku hiyo Baba aliacha kuitegea ndoo sikio. Akahamishia kiti chake chumbani kwa Shangazi.

Wiki ya nne alichota glasi moja. Ilikuwa na ukungu, inauma ulimi. Shangazi alikunja uso, akameza, akanyoosha mkono wenye glasi.

"Ongeza," alisema.

Wiki ya sita ilipotimia, divai ilikuwa imetulia, nyekundu safi. Tuliinywa wawili, mimi na Baba. Aliniuliza kama ni nzuri. Nikamwambia ile ya wiki ya nne ilikuwa nzuri zaidi.